Tafadhali msiniombee mume tena (uzi mrefu, niko Kisumu)

Mwenye uzi

Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni dada wa miaka 38, naishi Kisumu lakini nyumbani ni upande wa Ahero, niko na agroveti ndogo karibu na Kibuye nauza mbegu, dawa za kuku na mbolea, nimeokoka tangu nikiwa kidato cha tatu na sijaolewa. Naandika hii nikiwa bado na uchungu kwa hivyo mkiona maneno yanarukaruka mnivumilie.

Juzi tumezika mama mmoja wa kanisa letu la nyumbani. Nasema mama juu hivyo ndivyo watoto wote walimuita, lakini hakuwa ameolewa na hakuwa amezaa. Alifundisha Sande skuli zaidi ya miaka thelathini. Mimi Zaburi ya 23 niliijua kutoka kwa mdomo wake, alikuwa anatuimbisha mstari kwa mstari tukiwa tumekaa kwa nyasi, na ukikosea anakushika sikio polepole anakuambia rudia, Mungu hana haraka. Nusu ya kwaya ya leo ni watoto wake wa darasa.

Sasa wale mko Nyanza mnajua. Kwa mila yetu ya Kijaluo msichana akifa kabla ya kuolewa hazikwi ndani ya boma la babake, anawekwa nje ya fensi, juu inasemekana boma lake lilitakiwa kuwa kwingine na hilo kwingine halikupatikana. Yeye alikuwa na miaka sitini na kitu lakini kwa hiyo mila alikuwa bado msichana. Kwa hivyo tulisimama huko nje kwa shamba ambayo mahindi ilikuwa imeshavunwa, mabua inatuchoma miguu, na sisi kwaya tunaimba. Mimi naimba sauti ya pili. Macho yangu hayakuwa kwa kitabu, nilikuwa naangalia ile fensi ya ojuok (minyaa) na nikajikuta nahesabu hatua kutoka kaburini hadi hapo, nikapata kama kumi na mbili. Mtu alipea kanisa maisha yake yote akakosa hatua kumi na mbili. Na pasta wetu ambaye kanisani alikuwa amemsifu karibu saa nzima, alipofika pale kaburini alisoma maombi akafunga kitabu, na kuhusu fensi hakusema neno.

Hilo lilinikaa. Lakini kilichofanya niandike ni baada ya hapo, tukiwa tumepanga laini ya chakula, akina mama watatu wa fellowship wakanishika mkono wakanivuta kando, mmoja akaniambia umeona mwenyewe nyathina (mtoto wangu), hutaki yakupate haya, Jumatano tunafunga kwa ajili yako, mume lazima atokee mwaka huu.

Wapendwa, udongo wa yule mama ulikuwa bado umelowa.

Mwenye uzi (inaendelea)

Niwaeleze jinsi hii kitu imekuwa ndio muelewe kwamba sikuamka tu siku moja nikakasirika.

Tangu nikiwa na miaka 28 jina langu liko kwa orodha ya maombi. Linasomwa katikati ya wagonjwa na wale wametoka hospitali na wale hawana kazi. Nimepakwa mafuta mara sijui ngapi. Nimepelekwa mlima wa maombi siku tatu bila kula. Mhubiri mmoja mgeni aliniambia mbele ya watu niko na mume wa majini anakuja usiku ndio wanaume wa kweli wanakimbia, nikashindwa hata kurudi kukaa kwa kiti, nilisimama tu pale mbele kama mtoto amekojoa darasani. Mwingine akataka nitoe sadaka ya mbegu ya elfu ishirini ndio kifungo kivunjike, na mimi wakati huo nilikuwa na deni ya stoo. Kuna mkesha mmoja tuliambiwa mabinti wote wa miaka zaidi ya thelathini tupite mbele tukiwa tumenyoosha kidole cha pete. Tulipita. Tulikuwa kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliweza kumwangalia mwenzake usoni.

Nyumbani ni waya, dada ya baba. Kila Krismasi swali ni moja. Mwaka jana hakuuliza hata, alisema tu akinipokea begi, "Bado unakuja na begi moja." Nampenda waya sana, alinilea mama akiwa mgonjwa, na najua ni hofu inamsumbua, lakini hiyo maneno nililala nayo.

Na si kwamba hakuna mwanaume amewahi kuja. Wamekuja wawili. Wa kwanza nilikuwa na miaka 26, nikagundua ako na bibi Migori, hiyo haina hadithi ndefu. Wa pili nilikuwa na miaka 33 na alikuwa mtu mzuri kabisa, mtu wa Mungu, mchapa kazi. Nilikaa miezi nane nikiomba juu yake. Na kila nikiomba nikijiona vile niko, na duka langu, na watoto wangu wa Jumapili, na wale wagonjwa natembelea Alhamisi pale Russia (wageni wa Kisumu, ile hospitali kubwa ya Jaramogi ndio sisi tunaita Russia), nilikuwa na amani. Nikifikiria harusi, amani inaondoka. Sikuwa naogopa wanaume, sikuwa nimevunjwa moyo, nilikuwa tu najua. Nikamwambia ukweli. Alilia, mimi nikalia, akaoa baada ya mwaka mmoja na nusu na mtoto wake wa kwanza sasa ananiletea michoro ya Nuhu na safina.

Hapo ndipo nilianza kusoma Biblia yangu nikiitafuta hii kitu, na wacha niseme wazi, hakuna mtu alikuwa amewahi kunihubiria nilichokipata.

1 Wakorintho 7 tunaijua kwa ule mstari mmoja tu wa heri kuoa kuliko kuwaka tamaa. Mbona hatusomi wa juu yake? "Lakini nawaambia wale wasiooa bado, na wajane, Ni heri wakae kama mimi nilivyo." Huyo ni Paulo, na mstari wa 7 anaita hiyo karama, huyu hivi na huyu hivi. Karama! Kwa kanisa letu ukiwa na karama ya kuimba unapewa maikrofoni, ukiwa na hii unafungiwa maombi ya kukutoa. Mstari wa 35 anasema hataki kututegea tanzi, anataka tumhudumie Bwana pasipo kuvutwa na mambo mengine. Yeremia 16 Mungu mwenyewe anamkataza nabii kuoa. Matendo 21 Filipo ako na binti wanne, mabikira, wanatabiri, na Luka anaandika hivyo tu bila kusema maskini, bila kusema bado wanangoja. Na kabla ya hao wote kuna Bwana Yesu, ambaye alikaa duniani miaka thelathini na kitu bila mke na hakuna kitu kilipungua kwake.

Kwa hivyo jana usiku nimetuma meseji kwa grupu ya WhatsApp ya maombi. Nimesema naomba jina langu litolewe kwa orodha. Mniombee biashara, mniombee baba presha yake, mniombee nimpende Mungu. Mume msiniombee tena. Mpaka saa hii hakuna mtu amejibu, naona tu wamesoma. Ndio nimekuja huku.

Mchangiaji, Nakuru

Dada pole sana kwa msiba. Mimi ni mwanaume, nina miaka 41, Mluhya lakini kazi ni Nakuru. Watu hufikiria hii presha ni ya wanawake peke yao. Mimi nikienda nyumbani Vihiga kwa matanga siwezi kuongea kwa kikao cha wazee, vijana niliowafundisha darasa la nne wanaongea juu wameoa, mimi naambiwa nikae na vijana. Kanisani nilipendekezwa kuwa mzee wa kanisa, jina likarudishwa, ati mzee lazima awe mume wa mke mmoja, nikauliza kwani mimi niko na wangapi, nikaambiwa nisilete utundu. Na kile hawasemi mbele yako wanasema nyuma, kwamba huyu kuna kitu anaficha. Hiyo ndiyo inauma zaidi ya zote. Nimefurahi mtu ameandika.

Mchangiaji, Kakamega

Mimi ni mtumishi na nitasema ukweli kwa upendo. Mwanzo 2:18, si vema huyo mtu awe peke yake. Zaeni mkaongezeke. Paulo alikuwa anaongea juu ya shida ya wakati ule, isome vizuri. Dada asifanye uchungu wa matanga kuwa mafundisho. Kukataa maombi ni hatari, na mabinti wadogo wanasoma hapa.

Mwenye uzi

Mtumishi asante, najibu kwa heshima kwa sababu wewe ni mtumishi na mimi ni mshiriki tu.

Mwanzo 2:18 naiamini yote. Si vema mtu awe peke yake. Lakini niambie, yule mama tuliyemzika alikuwa peke yake kwa sababu hakuwa na mume, ama alikuwa peke yake kwa sababu ibada ikiisha kila mtu alikimbilia familia yake na yeye akarudi nyumbani kupika ugali ya mtu mmoja? Alikuwa na presha miaka mingi. Ni nani alikuwa anampeleka kliniki? Mboda mmoja Mwislamu jirani yake, huyo ndiye alikuwa anampeleka, na siku ya mazishi alisimama mbali ameshika kofia yake mkononi. Kama hatutaki mtu awe peke yake kuna kazi ya mikono tunaweza kufanya leo kabla ya kungoja bwana harusi.

Kuhusu shida ya wakati ule, ni kweli mstari wa 26 Paulo anataja shida iliyopo. Lakini Bwana Yesu kwa Mathayo 19 hakuwa anaongea na Wakorintho. Wanafunzi wanamwambia basi haifai kuoa, na yeye hawagombezi, anawaambia wako wengine wamejifanya matowashi kwa ajili ya ufalme wa mbinguni, awezaye kulipokea neno hili na alipokee. Hakusema kila mtu alipokee. Mimi pia sisemi kila mtu. Anayetaka kuolewa aombe, na mimi nitafunga pamoja na yeye, nimefanya hivyo kwa marafiki zangu wawili na nikashona magauni ya wasimamizi kwa mkono wangu. Ninachokataa ni kuombewa kama mgonjwa.

Na kuna mfano wenye tunaheshimu wote. John Stott, yule mhubiri wa All Souls pale London, vitabu vyake viko kwa maktaba ya pasta wako nina hakika, alikufa mwaka wa 2011 akiwa na miaka 90 na hakuoa. Corrie ten Boom wa Uholanzi, aliyeficha Wayahudi wakati wa vita akapelekwa kambi ya Ravensbrück, akatoka akazunguka dunia kuhubiri msamaha, hakuolewa. Hao tunawanukuu madhabahuni. Sasa Corrie angezaliwa Ahero si tungemzika nje ya fensi?

Mchangiaji, Kisumu (Manyatta)

Mimi ni mama wa wawili na nimetoka kwa ndoa niliyoingia kwa presha hii hii. Nilikuwa na 29, kanisa lilinichagulia ndugu, tukaombewa, harusi ya haraka. Sitaeleza mengine. Hawa waliokuwa wanapiga vigelegele hakuna mmoja alinifungulia mlango usiku ule nilikuja na watoto. Dada kaa hapo ulipo mpaka Mungu akuambie vingine.

Mwenye uzi

Dada wa Manyatta nimesoma yako mara tatu. Naomba unitafute inbox, hata kama ni chai tu.

Wengi mmeuliza mambo mawili, ya mwili na ya pesa, nijibu ya mwili kwa ufupi kwa sababu sio kila kitu ni cha kuandika. Ndio, tamaa iko, mimi si mti. Kuna miezi inakuwa vita. Karama haimaanishi huhisi kitu, inamaanisha kuna neema ya kutembea nayo, na mimi hiyo neema naipata nikiwa na marafiki wa kuniuliza maswali magumu, nikilala mapema, na nikiwa na kazi ya kunichosha. Nikikaa peke yangu na simu mpaka saa saba usiku naanguka kama mtu yeyote. Basi.

Ya pesa ndio watu hawaongei na inastahili uzi wake. Ukiwa hujaolewa kila mtu anajua mfuko wako kukuliko. Wewe huna watoto, lipa fizi ya huyu. Wewe huna bwana wa kuuliza, toa ya harambee. Mimi nimesomesha watoto wanne wa ndugu zangu na sijuti hata mmoja, lakini ilifika mahali nilikuwa nakopa chama ili nionekane mwema. Sasa nina mmoja tu, yuko kidato cha pili, na wengine nimesema hapana kwa mdomo huu.

Na ardhi. Dada zangu sikizeni vizuri hapa. Kuna ndugu anakuambia huwezi kurithi kwa baba kwa sababu utaolewa, na usipoolewa anakuambia huwezi kwa sababu hujaolewa. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Urithi imekuwa ikifanya kazi tangu 1981 na inaposema watoto haiwatengi wasichana wala haiulizi kama umeolewa. Katiba ya 2010 kifungu cha 27 inakataza ubaguzi na imetaja wazi hali ya ndoa. Na kuna kesi ya Rono dhidi ya Rono, Mahakama ya Rufaa pale Eldoret mwaka wa 2005, vijana walitaka sehemu kubwa kwa hoja hiyo hiyo kwamba dada zao wataolewa, na mahakama ikakataa. Mimi sikutaka kungoja kortini, nimenunua ploti yangu ya fifti kwa handred upande wa Mamboleo, nililipa miaka mitano polepole, na hati iko kwa jina langu.

Mchangiaji, Siaya

Dada sheria ya ardhi sawa. Lakini mazishi ni mambo mengine, hapo korti haikusaidii. Kumbuka kesi ya mazishi ya S.M. Otieno.

Mwenye uzi

Nakumbuka, nilikuwa sijazaliwa lakini baba huisimulia mpaka leo. Mjane alitaka amzike karibu na Nairobi, ukoo ukasema lazima nyumbani, mwili ukakaa mochari miezi mitano, na mwaka wa 1987 Mahakama ya Rufaa ikapea ukoo, akazikwa Nyalgunga huko kwenu Siaya. Ndio nasema kwetu mahali pa kaburi ni maneno. Ukimweka mtu ndani umesema wewe ni wetu. Ukimweka nje umesema kitu pia na kila mtoto anakisikia.

Na hiyo ndio sababu sitaki kunyamaza. Juzi usiku nilikuwa nasoma Isaya 56. Towashi asiseme, mimi ni mti mkavu. Halafu Mungu anaahidi hao watu wasio na uzao kwamba atawapa mahali na jina ndani ya nyumba yake, ndani ya kuta zake, jina jema kuliko la kuwa na wana na binti. Ndani ya kuta! Niliweka Biblia chini. Nimeenda kanisa miaka yote hii na kumbe Mungu alishajibu mambo ya fensi kabla Wajaluo hatujafika Nyando. Yeye anasema ndani. Sisi tumebeba jeneza la mtumishi wake tukapita langoni tukaenda nje, na pasta ametangulia na Biblia hiyo hiyo kwapani.

Simchukii pasta. Ni kijana ameoa majuzi na wazee wa ukoo walikuwa pale. Lakini angesema tu sentensi moja.

Mchangiaji, Nakuru

Kwa hivyo utafanya nini?

Mwenye uzi

Nimerudi, samahani nilipotea wiki nzima, msimu wa kupanda umeanza na duka imejaa.

Jumamosi nilienda nyumbani. Nilimkuta baba chini ya mwembe anatengeneza jembe. Nikamsalimia, nikakaa kwa stuli ya mama, nikamwambia baba niko na swali na naomba usikasirike. Nikamuuliza, mimi nikitangulia kufa, utaniweka wapi?

Alinyamaza muda mrefu sana. Mimi nilikuwa nasikia tu kuku. Halafu akasema mtoto hamuulizi mzazi jambo kama hilo. Nikasema najua baba, lakini yule mama tulimzika nje, na alikuwa mwalimu wangu. Akasema, "Najua. Nilikuwepo. Sikula siku hiyo."

Akaendelea na jembe. Nikadhani yameisha. Baadaye akiwa haniangalii akasema hayo maneno ataambia wazee yeye mwenyewe akiwa bado na pumzi, na wakikataa basi wajue wamemkatalia akiwa hai. Kaka yangu mkubwa alikuwa anapita na maji akasikia, akasema hiyo italetea boma chira, ile laana ya kuvunja mila, baba hakumjibu. Waya amesikia pia, hajapokea simu yangu tangu hiyo siku. Sijui itaishia wapi. Namuombea.

Grupu ya maombi mmoja tu alinijibu, yule mama aliyenivuta kando kwa laini ya chakula. Alituma sauti ya dakika nne. Hakuomba msamaha, lakini aliniambia kitu hajawahi kuniambia, kwamba dada yake mdogo pia alizikwa nje mwaka fulani na yeye hofu ndio imekuwa ikimfanya aniombee hivyo, ananiona mimi anamuona yeye. Jumatano hawakufunga kwa ajili yangu. Badala yake tulienda sisi wawili na panga tukafyeka nyasi pale kaburini, na amesema ataongea na wengine tuweke simenti kabla mvua haijazidi. Ile fensi ya ojuok watu wa boma wamekubali tuisogeze upande huo kama tutatoa miche sisi wenyewe.

Miche tunayo. Jumapili hii ni zamu yangu Sande skuli, tunasoma Matendo 21, na watoto wameniuliza kama baada ya somo wanaweza kuja kusaidia kupanda.

Nitaweka picha hapa.